Bega, mkono, ramani na kioo: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa sayansi za afya aliyeanza kujitilia shaka

Mwaka wa tatu, wiki ya pili wodini, raundi kubwa. Daktari bingwa alisimama kitanda cha sita, akanigeukia, akaniuliza kiwango cha kawaida cha potasiamu kwenye damu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekiandika mara tatu: 3.5 hadi 5.0. Nilikijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Mdomo ukagoma. Kimya kikawa kirefu, mwenzangu akajibu, raundi ikasogea kitanda cha saba. Mimi kichwani nilibaki kitanda cha sita hadi usiku.

Siku hizi nafundisha wodini, na kila mwaka wananijia vijana wa aina ile. Wa udaktari, wa uuguzi, wa famasi, wa maabara. Wengi wameshaambiwa na kila mtu neno moja: "Jiamini." Ushauri huo ni jembe lisilo na mpini. Utalishika wapi?

Ninachokiona mimi ni hiki: ni mara chache sana mwanafunzi anayezama kukosa watu. Watu anao. Ila anaomba kitu cha maana kwa mtu asiyekuwa nacho, na imani anaisubiri imshukie kabla ya kutenda, wakati imani ya kazi hii huja nyuma ya matendo. Mwongozo huu unafuata mambo hayo mawili. Mifano yangu ni ya Tanzania kwa sababu ndiko nilikosoma na ndiko nafundisha.

Kabla hujaanza, kumbuka ulikotoka. Kidato cha sita ulikuwa wa kwanza au wa pili kwenye PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Wadogo walikuletea maswali ya fizikia bwenini. Kisha unafika chuo cha afya, MUHAS pale Dar es Salaam, au KCMC kule Moshi, au Bugando Mwanza, unakuta darasa zima limejaa watu waliokuwa wa kwanza na wa pili, na hapo lazima mtu fulani awe wa mia na hamsini. Mtafiti wa elimu Herbert Marsh aliieleza hali hii miaka ya 1980: mwanafunzi mwenye uwezo uleule hujiona hafifu akiwekwa katikati ya vichwa kuliko akiwekwa kwenye darasa la kawaida. Samaki hajapungua hata robo kilo. Kilichobadilika ni bwawa.

Hatua ya 1: Kunja karatasi katikati

Upande wa kushoto andika "Mimi ni". Upande wa kulia andika "Naweza".

Kushoto ni makazi ya kujithamini, yaani hukumu ya jumla unayojipa kama mtu. Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, aliitungia kipimo cha sentensi 10 mwaka 1965, na mpaka leo ndicho kinachotumika sana duniani. Kulia ni kitu kingine kabisa, nitakiita imani ya kumudu: unaamini kwa kiasi gani kwamba kazi fulani, siku fulani, mahali fulani, utaiweza. Hiki ndicho alichokiandikia Albert Bandura mwaka 1977. Bandura alizaliwa Kanada, akafundisha Stanford karibu maisha yake yote, na hoja yake ilikuwa kwamba mtu hana imani moja ya kumudu kila kitu. Unaweza kuwa na 90 kwenye kupima presha na 15 kwenye kumweleza mgonjwa habari mbaya, na wewe ni yule yule.

Kosa linalotuumiza ni kuhamisha vitu vya kulia kwenda kushoto. "Nimeshindwa kutoa damu leo" ni sentensi ya kulia. Ikifika hosteli imeshavuka mpaka: "Mimi si mtu wa fani hii." Ukijikamata umefanya hivyo, ichukue uirudishe ilikotoka, kwa maandishi. Kwa kichwa tu hairudi.

Sasa upande wa kulia orodhesha kazi nane ambazo programu yako inakudai muhula huu, na kila moja uipe alama kati ya 0 na 100 kwa kadiri unavyoamini utaifanya kesho asubuhi ukiamshwa. Usiandike "kuwa muuguzi mzuri". Andika "kupima presha kwa mashine ya mkono na kupata namba inayokaribiana na ya sista", "kumhoji mgonjwa wa kifua kwa dakika ishirini bila kusoma daftari", "kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito", "kusimulia mgonjwa mbele ya raundi". Andika tarehe juu. Karatasi hii utaifungua tena baada ya wiki nne.

Hatua ya 2: Chora watu wako, na andika kila mmoja ana nini

James House, mwanasosholojia mwingine wa Marekani, mwaka 1981 aligawa msaada wa watu katika mafungu manne. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kwa majina haya: bega, mkono, ramani na kioo.

Bega ni mtu wa kumlilia. Hatatui kitu, anakaa tu nawe. Mkono ni anayetoa kitu: nauli, sahani ya wali, koti la maabara la kuazima, au anayekushikia foleni. Ramani ni anayejua njia: pepa za miaka iliyopita zinapatikana wapi, mwalimu yupi hutunga maswali ya aina gani, fomu ya kuahirisha mwaka inapelekwa ofisi ipi. Kioo ni anayekuona ukifanya kazi na kukuambia ukweli wa ulichofanya.

Andika majina chini ya kila fungu. Karibu kila mwanafunzi niliyemfanyisha zoezi hili alikuwa na mabega matano na kioo sifuri.

Angalia pia nani unamwomba nini. Mama yako huenda ndiye bega lako kubwa kuliko yote, lakini ukimpigia kumuuliza kama una akili za kutosha kwa udaktari, umemgeuza kioo, na yeye si kioo. Atasema, "Mwanangu, wewe tangu mdogo una akili." Utakata simu ukiwa mpweke zaidi, kwa sababu unajua hajakuona wodini. Badala yake mwambie, "Mama, leo nimechoka, nisimulie habari za nyumbani." Hapo unaomba alichonacho, na atakupa kwa kipimo cha kujaa. Kinyume chake, rafiki mwenye desa (notisi) zote za famakolojia ni ramani safi, lakini usimpelekee talaka ya wazazi wako usiku wa mtihani halafu ukamlaumu kwamba hana utu.

Pesa nayo ina sehemu yake hapa, hata kama vitabu vya saikolojia huiruka. Bumu, yaani mkopo wa kujikimu, likichelewa, mtu anasoma njaa. Likifika, wengi hutuma sehemu nyumbani, ada ya mdogo, dawa za bibi. Sikukatazi, mimi mwenyewe nilituma. Ila amua kiasi siku pesa inapoingia, kabla simu hazijaanza kulia, na uwe na mkono mmoja ambaye umeshaongea naye mapema: "Kaka, ikitokea nimekwama kabisa, naweza kukuomba chakula cha wiki moja?" Ombi lililotangulizwa halidhalilishi kama lile linaloombwa tumbo likiwa tupu.

Jambo la pembeni. Ndugu wataanza kukuita daktari mwaka wa kwanza, hata ukiwa unasomea maabara. Shangazi atapiga simu kuuliza uvimbe wa shingoni. Unajisikia mdogo kwa sababu hujui, kisha unajisikia mwongo kwa sababu umejibu. Jibu lako liwe moja tu: "Shikamoo shangazi. Mimi bado nasoma, sijafika huko. Nenda kituo cha afya wiki hii wakuone, kisha uniambie walichosema." Ni jibu sahihi kitabibu, na halikupunguzii heshima hata chembe.

Hatua ya 3: Tengeneza diskasheni ya watu wanne

Grupu la WhatsApp la darasa lenye watu mia mbili si msaada. Ni redio. Saa tano usiku mtu anaandika "jamani mada ya asidi na besi ni rahisi mbona", watu kumi wanaweka dole gumba, na wewe unayeitazama kwa mara ya nne unaona wote wameelewa isipokuwa wewe. Wale karibu mia na tisini walionyamaza huwaoni.

Tafuta watu watatu. Wasiwe wote marafiki zako, na asiwepo kichwa mmoja atakayegeuza kikao kuwa somo lake. Mara mbili kwa wiki, dakika tisini, mahali palepale. Kila mmoja anakuja na kipande chake na kukifundisha vitabu vikiwa vimefungwa. Hilo la kufunga vitabu ndilo lenye nguvu: Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi kwamba watakumbuka. Rudia sentensi hiyo polepole. Ile hali ya kuona "nimeielewa" baada ya kusoma mara tatu ni udanganyifu wa macho kuzoea karatasi.

Sheria niliyoikuta diskasheni niliyosomea, na bado naipenda: kila kikao lazima kila mtu aseme "sijui" angalau mara moja. Mwanzoni tulicheka. Baada ya mwezi niligundua kwamba wodini neno hilo lilinitoka bila mate kunikauka.

Hatua ya 4: Chagua stadi moja na ipandie ngazi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo imani inapotengenezwa.

Bandura alisema imani ya kumudu hutoka kwenye visima vinne: kutenda na kufanikiwa mwenyewe, kumwona mtu anayefanana nawe akifanikiwa, kuambiwa na mtu unayemwamini, na hali ya mwili wako. Kisima cha kwanza kina maji kuliko vingine vyote. Ndiyo maana "jiamini" peke yake haifanyi kazi. Ni kisima cha tatu, tena ndoo imetoboka.

Tuchukue kuweka kanula, kile kimrija cha plastiki cha kupitishia dripu kwenye mshipa, kwa sababu imeliza watu wengi. Wanafunzi wengi huanzia kileleni: mgonjwa halisi, ndugu zake wanatazama, daktari anasubiri dawa ianze. Wakikosa mshipa mara mbili, wanakimbia kanula muhula mzima, na kila wanapokimbia hofu inanenepa. Panda hivi.

Kwanza, trei. Siku mbili nzima kazi yako iwe kupanga trei tu kwa ajili ya mwingine: glovu, mpira wa kufungia mkono, pamba na spiriti, kanula, plasta, sirinji yenye maji ya chumvi, kisanduku cha sindano zilizotumika. Jifunze rangi, ya kijani ni 18, ya pinki ni 20, ya bluu ni 22, ya njano ni 24, na namba ikikua sindano inakuwa nyembamba. Inaonekana kazi ya kitoto. Lakini mtu ambaye trei yake imekamilika hatetemeki akitafuta plasta huku damu inachuruzika.

Pili, mishipa bila sindano. Funga mpira kwenye mikono ya wenzako watano hosteli, vidole vinne juu ya pale ambapo ungechoma, ukapapase. Mshipa unadunda nyuma kama mpira wa baiskeli uliojaa upepo, kano haidundi. Wafanye wembamba, wanene, wenye nywele. Vidole vinajifunza haraka kuliko macho.

Tatu, tazama, lakini chagua wa kumtazama. Bingwa anayeweka kanula kwa sekunde kumi huku anaongea na simu hakufundishi kitu, anakukatisha tamaa tu. Mtafute wa mwaka mmoja mbele yako, au intani (aliyehitimu na yuko kwenye mafunzo ya kazi) aliyeanza juzi, ambaye naye bado anafikiri. Mwombe aseme kwa sauti anachofanya: "Hapa nimeona damu kwenye chemba, nalaza sindano, nasogea kidogo tu, sasa nasukuma plastiki peke yake." Ukimwona anakosa, anasimama, anavuta pumzi na kupata, umejifunza zaidi ya ambavyo ungejifunza kwa aliyepata mara moja.

Nne, mkono wa plastiki kwenye maabara ya mazoezi, mara kumi, hata kama wenzako wanaona unajichosha. Makosa mawili ya wanaoanza yamalizie huko: kuona damu na kuendelea kusukuma sindano hadi inatokea upande wa pili, na kuchomoa sindano mpira ukiwa bado umefungwa, damu ikamwagika shukani.

Tano, mgonjwa wa kwanza, mwenye mishipa inayoonekana, asiye na haraka, msimamizi akiwa kando. Mwanzo wake ni mdomo, mkono unafuata baadaye:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Dokta ameandika uwekewe njia ya dripu mkononi. Naomba nikuwekee mimi, sista huyu ananisimamia. Ukisema hapana hakuna ubaya, atakuwekea yeye."

Wengi watakubali. Akikataa, umshukuru na usimame pale utazame. Ukipewa ruhusa, jaribu mara mbili, siyo zaidi, kisha mpishe mwenzako. Kujua mwisho wako ni sehemu ya stadi, na mgonjwa si shamba la majaribio.

Sita, daftari dogo la mfukoni. Jina la mgonjwa liache nje. Mistari miwili tu kila mara: "Kanula ya pinki, mkono wa kushoto. Nilikosa mara ya kwanza, nilichoma kwa pembe kubwa. Ya pili nikalaza, nikapata." Kumbukumbu ya mtu aliyekata tamaa huhifadhi alizokosa tu. Daftari halina huzuni. Siku ukisema "mimi kanula siwezi", lifungue uhesabu.

Ngazi hii haihusu sindano peke yake. Aliye famasi aipandie kwenye kumweleza mgonjwa matumizi ya dawa, aliye maabara kwenye kusoma slaidi ya malaria, aliye fiziotherapia kwenye kumwinua mgonjwa wa kiharusi kutoka kitandani. Utapata ngazi ya kazi yoyote ukiuliza swali moja: kipande kidogo kabisa cha kazi hii ninachoweza kukifanya kesho bila kumdhuru mtu ni kipi?

Na niseme la kinyume, maana nimeliona pia. Wapo ambao imani yao imeutangulia uwezo. Hao ni wepesi, hawatetemeki, na siku moja wanafanya jambo ambalo hawajaidhinishwa kulifanya, usiku, peke yao. Nikiambiwa nichague kati ya mwanafunzi mwoga na huyo, nampokea mwoga. Mwoga anaita mtu.

Hatua ya 5: Tafuta kioo, kisha jifunze kukiuliza

Kioo bora wodini mara nyingi si profesa. Ni sista mwenye miaka ishirini wodi ileile, au fundi wa maabara ambaye ameona slaidi nyingi kuliko kitabu chako. Salimia kila asubuhi, fika kabla ya kukabidhiana zamu, saidia kutandika. Huko si kujipendekeza, huko ni kujulikana. Mtu asiyekujua hawezi kukuambia ukweli wako.

Swali la "Sista, nimefanyaje?" lina jibu moja tu: "Vizuri." Uliza kwa kipande: "Sista, nilipompima presha yule baba, nimeona nimeachia upepo haraka. Naomba nimpime mwingine uniangalie hapo tu." Umeonyesha unajiona, umempa kazi ndogo, na jibu lake litakuwa na kitu cha kushika. Baada ya siku mbili rudi umwambie ulichobadilisha. Watu hupenda kumfundisha aliyerudi.

Kuna kukaangwa mbele ya raundi, yaani kuhojiwa kwa ukali na kuaibishwa. Wakubwa wengine walifundishwa hivyo na hawajui njia nyingine. Ukikaangwa, jioni andika maneno yaliyosemwa, halafu pigia mstari yale tu yanayoweza kukufanya ufanye kitu tofauti kesho. "Hujui hata dozi ya parasetamoli, ulifikaje hapa?" Dozi ni taarifa, kaisome. "Ulifikaje hapa" haina kitu ndani yake, iache kwenye sakafu ya wodi waidekie.

Lakini kudai ngono ili upewe alama, au kukutishia kukufelisha ukikataa, huko siko kukaangwa. Ni jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinahusu hilo hasa. Hifadhi ujumbe wote wa simu, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, usiende ofisini peke yako, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana ofisi kila mkoa.

Hatua ya 6: Usiusome vibaya mwili wako

Hiki ni kisima cha nne cha Bandura, hali ya mwili. Moyo ukidunda kabla ya kusimulia mgonjwa, unaweza kuusoma kama "siwezi" au kama "mwili unajiandaa". Mapigo ni yaleyale. Toa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta, mara tano, ukiwa bado kwenye korido. Sentensi yako ya kwanza uwe umeikariri kabisa, jina la mgonjwa, umri, anakotoka, kilichomleta. Ukishaipita hiyo, nyingine huja zenyewe.

Chumba cha upasuaji kina lake. Mwanafunzi akianguka mara ya kwanza akiona damu anadhani fani imemkataa. Mara nyingi ni kwamba hakunywa hata chai, amesimama saa mbili magoti yamekazwa, joto, barakoa, damu ikajaa miguuni. Kula kabla ya kuingia. Legeza magoti, chezesha vidole vya miguu. Ukianza kusikia masikio yanavuma na jasho la baridi, sema "najisikia vibaya", rudi nyuma mbali na vifaa safi, kaa chini sakafuni. Hakuna atakayekucheka kama watakavyokuchukia ukiangukia trei. Madaktari wa upasuaji wengi tu waliwahi kukaa kwenye sakafu ile.

Usingizi nitaupita haraka kwa sababu unaujua: mkesha wa kabla ya pepa unakula zaidi ya unavyoleta.

Hatua ya 7: Ukipata sapu

Sapu ni mtihani wa kurudia baada ya kufeli somo. Nilipata ya biokemia mwaka wa kwanza. Nilikaa wiki mbili bila kumwambia mtu, nikawa nakwepa bwalo saa za chakula ili nisiulizwe. Hizo wiki mbili ndizo ninazojutia. Sapu yenyewe wala.

Siku ya kwanza, usifanye uamuzi wowote. Usiache chuo, usifute akaunti, usimwage vitabu. Mwambie bega mmoja, ana kwa ana.

Siku ya pili, nenda kwa ramani: aliyewahi kupata sapu ya somo hilohilo akafaulu. Wapo wengi, ila hawajitangazi. Mwulize alibadilisha nini. Soma kanuni za mitihani za chuo chako kwa macho yako, tarehe ya marudio, ada kama ipo, na kinachompeleka mtu kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Stori za hosteli kuhusu kudisko hukuzwa kila zinapopita mdomo.

Siku ya tatu, chunguza palipovunjika. Hukujua? Ulijua ukashindwa kuandika kwa muda? Ulijibu swali ambalo halikuulizwa? Ulikuwa unaumwa? Kila moja lina dawa yake. Anayeongeza masaa ya kusoma wakati tatizo ni kusoma swali vibaya, anajichosha bure.

Nyumbani waambie kabla hawajaambiwa na mwingine, na uwape pamoja na mpango: "Baba, shikamoo. Nina mtihani mmoja wa kurudia, biokemia, mwezi wa tisa. Masomo mengine nimefaulu. Nabaki chuo wiki tatu, nimeshapata wa kusoma nao. Naomba nauli ya kurudi baadaye, siyo sasa." Wazazi huogopa zaidi wasichokijua.

Hatua ya 8: Rudi kwenye karatasi, na jua mahali mwongozo huu unapoishia

Baada ya wiki nne, zipe kazi zile nane alama upya kabla hujaangalia za zamani. Iliyopanda, andika nini kiliipandisha. Isiyosogea, kwa kawaida ni ile ambayo hukuipandia ngazi au huna kioo chake. Iliyoshuka isikutishe: mara nyingi mwanzoni ulijipa 80 kwa sababu hukujua ugumu wake, na 55 ya leo ni ya kweli zaidi.

Kuna mambo ambayo hayatibiki kwa karatasi. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo karibu kila siku moyo umeinama, au vitu ulivyovipenda havina ladha, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, unajiona mzigo, au ikiwa unahitaji pombe ili ulale au umeanza kuchukua vidonge wodini, huo ni ugonjwa unaotibika, na kinachoutibu ni wewe kumwona mtaalamu. Anzia kwa mshauri wa wanafunzi. Kama unaogopa kukutana na walimu wako kwenye foleni, nenda hospitali usiyofanyia mazoezi. Kliniki za afya ya akili zipo Muhimbili, KCMC, Bugando, Mirembe pale Dodoma, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Rafiki yako aliyemaliza zamu ya mafunzo ya magonjwa ya akili wiki iliyopita si daktari wako, hata akijitolea.

Mawazo ya kujiua hayasubiri Jumatatu. Yakikujia, mwambie mtu saa hiyohiyo na uende idara ya dharura. Na ikiwa wewe ndiye uliyeambiwa na mwenzako usiku, usimhubirie wala usimwahidi kuwa hutamwambia mtu. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Ondoa dawa na vitu vya hatari chumbani, usimwache peke yake, mpigie mlezi wa hosteli, kisha nendeni wote wawili. Beba kadi yake ya bima, maji na chaja ya simu. Mtakaa muda mrefu pale kwenye benchi.